Tuuze kiwanja cha baba ili mama awekewe mwavuli moyoni?

Salaam aleikum, Sista.

Nakuandikia kutoka Arua. Kiswahili changu ni cha kambini, maana marehemu baba alikuwa askari na sisi tulikua tukihama naye. Nikikosea maneno utanivumilia.

Jambo langu ni la mama. Ana miaka 68. Miaka miwili iliyopita alianza kuchoka ovyo. Akitoka nyumbani kwenda bombani kuteka maji anasimama mara tatu njiani, na usiku anasema moyo unarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Tulipanda basi la usiku hadi Kampala, wakampima kwa zile waya za kifuani, halafu kwa mashine ya kupaka jeli. Wakasema mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, na kwamba damu inaweza kuganda humo ndani, ikapanda kichwani, ikamletea kiharusi. Wakampa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pamoja na dawa ya presha, na kila mwezi apimwe damu ili waone kama dozi inatosha. Sista, sitakudanganya. Tulipima miezi mitatu ya kwanza. Baadaye nauli ilitushinda, mama naye akasema anajisikia vizuri, ikawa anameza tu dozi ile ile.

Mwezi wa pili mwaka huu alitapika damu. Kumbe siku mbili kabla ya hapo choo chake kilikuwa cheusi kama lami, lakini aliona aibu kutuambia. Hospitali wakamwongezea chupa mbili za damu. Daktari akasema warfarini isimame, akamwandikia aspirini ndogo. Sasa ni mwezi wa tano tangu hapo.

Ugomvi umeanzia hapa. Mpwa wetu aliyeko Uingereza alimtumia kaka yangu mkubwa video ya kifaa kama mwavuli mdogo. Wanakipitisha kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanaziba mahali damu inapogandia, basi mgonjwa anaacha dawa. Kaka akampata wakala anayepeleka wagonjwa India. Bei aliyotajiwa, ukiongeza tiketi za watu wawili, inameza kiwanja cha baba kilichoko upande wa barabara ya Koboko, na hata hivyo haitoshi. Mnunuzi ameshapatikana na anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mjomba anasema kile kiwanja ni jasho la marehemu na hakiuzwi kwa ajili ya kipande cha chuma. Kaka anasema mjomba anataka dada yake apooze huku tunamtazama. Hawasalimiani tena. Mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na mama, na kila akigeuka usiku nawasha taa nimtazame mdomo kama umepinda.

Mama mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Hicho chuma, nitazikwa nacho?" Hakuna aliyemjibu.

Nakuandikia na mengine, pengine yatakusaidia. Magoti yanamsumbua tangu nikiwa shuleni, na hununua vidonge vya maumivu, diklofenaki, kwenye duka la dawa karibu na stendi. Wiki ile kabla ya kutapika alikuwa amepewa pia Flagyl kwa ajili ya tumbo. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mama alipokuwa msichana aliugua koo, kisha viungo vikavimba, kimoja kikipoa kingine kinaanza, akakaa mwezi mzima bila kutembea. Na ile karatasi ya mashine ya jeli ninayo. Imeandikwa Kiingereza, mambo ya vali, na neno "mitral" limetokea mara nne. Hatukuelezwa maana yake.

Je, tuuze?

Binti wa Arua

*

Aleikum salaam, mwanangu.

Msiuze bado. Nimeanza na hilo kwa sababu mnunuzi amewawekea tarehe, na mtu mwenye haraka ya kununua huwafanya wenye mali wadhani ugonjwa nao una tarehe hiyo hiyo. Lakini kuna jambo ambalo haliwezi kungoja hata kidogo, nalo ni kumrudisha mama kwa daktari wiki hii. Miezi mitano anameza aspirini akidhani imemkinga. Nitarudi hapo.

Kaka yako hajadanganywa kuhusu kifaa chenyewe. Kipo, na kimewekwa kwa watu wengi sana duniani. Ninachosema ni kwamba barua yako ina maswali mawili ambayo hayajajibiwa, na hakuna hata moja linalohitaji ndege. La kwanza linajibiwa na hiyo karatasi uliyoihifadhi. La pili linajibiwa na mfuko wa dawa wa mama.

Mimi ni sista mstaafu, mwanangu. Nilikaa wodini miaka mingi, nikawageuza kitandani waliopooza upande mmoja, kwa hiyo naijua hofu inayokufanya uwashe taa usiku. Simwoni mama yako kutoka hapa nilipo, na dozi yake itapangwa na daktari atakayempima. Ila naweza kukusaidia uende kwake ukiwa na maswali yanayofaa.

Tuanze na moyo. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Ugonjwa wa mama huitwa atrio fibrilesheni: vyumba vya juu, badala ya kubana kwa pamoja na kusukuma damu, vinatetemeka tu. Kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko kilichochomoza pembeni, mfano wa sikio dogo. Moyo ukibana sawasawa, damu huingia na kutoka humo. Ukitetemeka, damu hutuama kwenye kile kijifuko, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka linafuata mkondo, na mkondo unaotoka upande wa kushoto haukawii kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi takribani mara tano.

Sasa ule mwavuli. Umefumwa kwa nyaya nyembamba za aloi ya nikeli na titani, juu yake umevikwa kitambaa, na ukubwa wake unakaribia ule wa sarafu. Mgonjwa analazwa usingizi, mrija unaingizwa kwenye mshipa wa kinenani, unapanda mpaka upande wa kulia wa moyo, unatoboa ukuta mwembamba na kuingia upande wa kushoto, kisha mwavuli unafunguliwa kwenye mdomo wa kile kijifuko. Wakati huo daktari anaongozwa na picha kutoka kwenye kipimo kilichoshushwa kooni. Baada ya wiki kadhaa nyama ya moyo huota juu ya kitambaa na kijifuko hubaki kimezibwa. Kimojawapo cha vifaa hivi, Watchman, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2015 baada ya kulinganishwa na warfarini. Kingine, Amulet, kilifuata mwaka 2021.

Kwa nini basi nawazuia? Kwa sababu ya ule mwezi ambao mama yako, akiwa msichana, hakutembea.

Koo kuuma, kisha viungo vinavimba kwa zamu, goti likipoa kiwiko kinaanza: hiyo ndiyo sura ya homa ya baridi yabisi. Bibi yako aliisimulia vizuri kuliko madaktari wengi. Homa ile hupita, viungo hupona, lakini huacha kovu kwenye vali za moyo, hasa ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Hiyo ndiyo vali ya mitrali. Kovu hulifanya lango hilo lisinye taratibu kwa miaka mingi mpaka damu ipite kwa shida, chumba cha juu kivimbe, na mwisho kianze kutetemeka. Hapa kwetu Uganda hii ni njia ya kawaida ya mtu kufika kwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa wenzetu wa Ulaya imekuwa nadra, na video ya mpwa wenu inatoka huko.

Tofauti yake ni hii. Kwa mgonjwa ambaye vali zake ni nzima, mabonge tisa kati ya kumi yanayoonekana kwenye chumba cha kushoto hukutwa ndani ya kile kijifuko. Ukikiziba, umeziba karibu kila kitu. Kwa mgonjwa ambaye vali yake imesinyaa kwa baridi yabisi, karibu nusu ya mabonge huganda kwenye chumba chenyewe, nje ya kijifuko. Kumwekea huyu mwavuli ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Tafiti zilizofanya vifaa hivi viruhusiwe hazikuwachukua wagonjwa wa namna hiyo.

Chukua ile karatasi sasa hivi. Usihesabu "mitral" limetokea mara ngapi, tazama limefuatana na neno gani. Ukikuta "stenosis", maana yake vali imesinyaa, na ukikuta kando yake "moderate" au "severe", kusinyaa huko ni kwa kiasi cha kati au kukubwa. Hapo safari ya mwavuli imekwisha kabla ya kuanza, na kiwanja cha baba kimesalimika. Ukikuta "regurgitation", vali inavuja, na kuvuja kidogo hukutwa kwa watu wengi wenye umri wa mama yako bila kubadilisha uamuzi huu. Hata ukiona umeelewa, mpelekee daktari wa moyo karatasi hiyo. Kipimo cha miaka miwili iliyopita huenda akataka kukirudia.

Tuseme vali imesinyaa. Mama atahitaji warfarini, hiyo hiyo iliyowatisha. Wapo watakaowashauri mhamie vidonge vipya visivyohitaji kupima damu kila mwezi. Kwa wagonjwa wengine ni ushauri mwema, kwake hapana. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa huu wa vali katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Walilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya, na dawa za jamii ya warfarini. Wengi walitegemea dawa mpya ishinde, na haikushinda: waliokuwa kwenye dawa ya zamani walikufa wachache zaidi. Nimewaona watu wakihamishwa dawa kwenye kaunta ya duka bila yeyote kuuliza habari ya vali, ndiyo maana nalisema hili kwa ukali.

Na vali iliyosinyaa sana hutibiwa yenyewe, ama kwa kuipanua kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, ama kwa upasuaji. Ikifika kwenye upasuaji, daktari anaweza kulifunga lile sikio la moyo hapo hapo kifua kikiwa wazi. Hili nalo limepimwa. Mwaka 2021, katika watu 4,811 wenye atrio fibrilesheni waliokuwa wakipasuliwa moyo kwa sababu nyingine, waliofungwa kijifuko walipata kiharusi, au bonge lililoziba mshipa mwingine mwilini, asilimia 4.8, na wasiofungwa asilimia 7.0. Lakini wengi wao waliendelea na dawa. Kufunga kulisaidiana na dawa, hakukuchukua nafasi yake.

Sasa mfuko wa dawa.

Huenda kaka yako anaamini kwamba mama alitokwa na damu kwa sababu mwili wake haupatani na warfarini. Mimi nikisoma barua yako naona mengine. Naona diklofenaki ya duka la stendi, dawa ambayo hata bila warfarini huchubua tumbo mpaka kidonda. Naona Flagyl, ambayo huzuia mwili kuivunja warfarini, hivyo dozi ile ile ikawa kama imeongezwa maradufu bila mtu kugusa kidonge. Naona damu ambayo haijapimwa kwa karibu mwaka na nusu. Mwanangu, katika hali hiyo ningeshangaa kama asingetokwa na damu. Sikulaumu. Nauli ya kutoka Arua hadi Kampala kila mwezi, usiku kucha barabarani mpaka mvuke Karuma, si kitu cha kuchezea. Na muuza dawa wa stendi hakuuliza mama anameza nini, wala mama hakujua kwamba alipaswa kusema.

Inafaa mjue hili kwa sababu kifaa kimekusudiwa hasa watu ambao dawa za kuzuia damu kuganda zimewashinda kwa sababu isiyoondoleka: aliyevuja damu kwenye ubongo, kwa mfano, au anayevuja tumboni tena na tena na chanzo hakitibiki. Mama yako ametokwa na damu mara moja, na vyanzo vitatu vinavyoondoleka vimekaa mezani. Hatujajua kama dawa imemshinda. Tunachojua ni kwamba hakuwahi kuitumia ipasavyo.

Kwa hiyo diklofenaki ikome leo, pamoja na ibuprofeni na ndugu zake wote. Magoti yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo atakachopewa, kukandwa, na dawa ya kupaka ambayo daktari ameiona. Muulize daktari kama tumbo limechunguzwa kwa kamera, na kama amepimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao hupatikana hata kwa kipimo cha choo na hutibika kwa dawa za wiki mbili. Muulize pia habari ya omeprazoli ya kulinda tumbo. Halafu uliza swali ambalo nadhani halijaulizwa tangu mwezi wa pili: je, wakati wa kurudisha dawa ya kuzuia damu kuganda haujafika? Warfarini ilisimamishwa ili mama asife siku ile, na daktari yule alifanya sawa. Kosa lililotokea baadaye ni la kila mahali: dawa inasimamishwa, mgonjwa anaruhusiwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kuirudisha. Wengi waliovuja damu tumboni huirudia baada ya chanzo kutibiwa.

Na aspirini, niliahidi kurudi. Kwa ugonjwa huu aspirini ni mlinzi aliyelala. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa watu 5,599 ambao ilionekana warfarini haiwafai, nusu wakapewa aspirini, nusu apiksabani, moja ya vile vidonge vipya. Waliomeza apiksabani walipungukiwa na kiharusi kwa zaidi ya nusu, na kutokwa na damu nyingi hakukutofautiana sana na wenzao wa aspirini. Mama anabeba hatari ya aspirini tumboni bila kupata faida yake kichwani. Lakini usikimbilie kuinunua apiksabani kwa sababu ya sentensi hii. Kwanza vali. Karatasi ikionyesha vali haijasinyaa, hapo apiksabani inakuwa mlango halali kabisa, haina safari za kupima kila mwezi INR, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na damu na figo zitatazamwa kwa vipindi virefu zaidi. Mwaka 2019 dawa za kundi hilo ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bado si rahisi, lakini gharama ya kidonge cha mwezi na gharama ya kiwanja ni vitu viwili tofauti.

Akirudishwa kwenye warfarini, msisimamie kwenye kuzungumzia nauli tu, fuatilieni. Nenda hospitali ya rufaa hapo Arua na maabara za mjini, uliza ana kwa ana nani anapima INR, siku gani, kwa bei gani. Namba inayotafutwa kwa kawaida ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu sana inavuja. Nunua daftari, andika tarehe, namba na dozi, na daftari hilo lifuatane na mama hata akienda kung'olewa jino. Mboga asiache. Watu huambiwa waache dodo, yaani mchicha, na sukuma wiki, halafu siku ya sikukuu wanakula sahani nzima na hesabu yote inavurugika. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, dozi itapangwa kwa chakula chake. Dawa za mitishamba azitaje kwa daktari bila kuona haya. Na choo kikiwa cheusi tena aseme siku hiyo hiyo. Kaa naye umweleze kwamba ile aibu ya siku mbili ilimgharimu chupa mbili za damu.

Nimeandika mengi kuhusu dawa, na najua kaka yako akisoma atasema Sista anatutaka tubaki kwenye shida ile ile. Basi tuchukue kwamba mambo yameenda upande mwingine: vali nzima, chanzo cha damu kimetafutwa na hakitibiki, apiksabani nayo imemvujisha. Hapo mwavuli ni jambo la kuzungumzwa kwa uzito, nami sitawazuia. Lakini mwambie aangalie neno moja kwenye ile video, kwamba mgonjwa "anaacha dawa". Haachi siku ile. Kitambaa kipya moyoni chenyewe ni mahali damu inapoweza kuganda mpaka nyama iote juu yake. Utaratibu uliotumika kwenye tafiti za Watchman ulikuwa warfarini na aspirini kwa siku 45, kisha kipimo cha kooni kuhakikisha kijifuko kimezibika, kisha aspirini na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mpaka miezi sita, halafu aspirini maisha yote. Siku hizi wapo wanaofupisha, ila hakuna anayetoka mikono mitupu. Tumbo linalovuja litakuwa na mtihani wake hapo. Na nani atamfanyia kile kipimo cha siku ya 45? Wakala amekata tiketi za kurudi lini?

Hatari za siku yenyewe pia zitajwe. Ukuta wa moyo unaweza kutobolewa damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka, kifaa kinaweza kuchomoka, na wagonjwa wachache, kama watatu au wanne kati ya mia, bonge huganda juu ya kifaa chenyewe. Vifaa vya sasa na mikono iliyozoea vimepunguza ajali, lakini mikono iliyozoea ndiyo neno. Kaka amuulize wakala daktari atakayemfanyia mama ameshaweka vifaa vingapi vya namna hiyo, na kama hospitali itapokea na kusoma karatasi ya moyo kabla ya kupokea pesa. Tena mwaka 2025 Wajerumani walitangaza matokeo ya kuwalinganisha wazee wenye hatari kubwa ya kiharusi na ya kutokwa na damu, hawa kwa kifaa, hawa kwa dawa zilizosimamiwa vizuri. Kifaa hakikuweza kuonyesha kwamba kinalingana na dawa. Sijasema hakifai. Nasema ahadi ya wakala ni kubwa kuliko ushahidi alio nao.

Kabla ya wakala yeyote, nendeni Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Huko wapo madaktari wanaoingiza mirija moyoni na wanaopasua moyo, na wanaijua baridi yabisi kwa kuiona kila siku. Tena peleka karatasi, daftari na vidonge vyote kwenye mfuko, hata vile vya stendi. Ikiwa mtu hapo atakuambia kwa maandishi kwamba mama anahitaji kifaa, kaka atakuwa na jambo la kumwonyesha mjomba lililo zaidi ya video.

Na nyumbani msiwe walinzi wa usiku peke yake. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, maneno yakiwa mazito ghafla, msingoje kukuche, msimkande, msimpe kitu mdomoni. Boda, gari la jirani, chochote, hospitali. Mkumbuke saa aliyoanza, ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Kama una watoto, nikuongezee moja kwa kuwa uko Kaskazini. Koo la mtoto linalouma pamoja na homa litibiwe, lisikandwe kwa mafuta likaachwa. Gulu, si mbali nanyi, walifuatilia watoto 818 ambao moyo wao ulikuwa na dalili za mwanzo tu za baridi yabisi. Sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili ilifanya ugonjwa uendelee kwa chini ya mtoto mmoja katika mia, na wasiochomwa ni wanane katika mia. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Mama yako alipokuwa binti hakuna aliyemchoma sindano hiyo.

Kaka na mjomba wasomee barua hii kwa pamoja, uwaketishe chumba kimoja. Wote wawili wanamtaka mama awe hai. Mmoja anaogopa kufanya kidogo, mwingine anaogopa kupoteza kilichobaki cha marehemu. Mwambie kaka kwamba pesa za nauli na vipimo atoe yeye kuanzia mwezi huu, kwani ni ndogo sana mbele ya alizokuwa tayari kutoa. Mwambie mjomba kwamba kiwanja kitakaa, lakini naye achangie.

Halafu mama. Aliuliza swali mkanyamaza, na ndiye mwenye moyo wenyewe. Mjibu wewe, mkiwa wawili, kwa lugha anayoipenda. Mwambie kifaa kile kikishawekwa hakitolewi, nyama huota juu yake, na ndiyo, angezikwa nacho. Mwambie pia kwamba huenda hakimhusu kabisa, na kwamba bado tunaisoma karatasi. Kisha msikilize anasema nini.